Jokofu Lililoinama Lilinifundisha Kusema Kweli

Siku ya kliniki ya watoto ina sauti zake. Watoto wanalia, akina mama wanasalimiana, mizani inaning'inia kwenye tawi la mwembe na kila anayepimwa anapiga kelele kana kwamba anachinjwa. Jumanne ile ya mwaka 2005 sauti zote hizo zilikuwepo. Wanawake zaidi ya thelathini walikuwa wamekwisha kaa kwenye mabenchi ya zahanati yetu, kule katika bonde la Ziwa Rukwa, na baadhi yao walikuwa wameondoka nyumbani kabla jogoo hajawika. Nilisali pamoja nao kama ilivyokuwa desturi yetu, kisha nikaingia ndani kuchukua chanjo.

Nilipofungua mlango wa jokofu, ule ubaridi nilioujua haukunigusa mkono.

Nilisoma kipimajoto. Chanjo hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za sentigredi. Kipimajoto kilionyesha 27. Nilikipangusa kwa aproni, nikakisoma tena. 27. Niliinama kutazama moto nyuma ya jokofu, nao ulikuwa unawaka vizuri, mwali wa buluu bila moshi. Mtungi wa gesi ulikuwa umejaa. Kila kitu kilikuwa sawa, isipokuwa jokofu lilikuwa na joto kama chumba.

Mama mwenzangu, nataka nikueleze jinsi tulivyofika hapo. Kosa la jokofu lilikuwa dogo. Kosa langu lilikuwa kubwa zaidi.

Ijumaa iliyotangulia tulikuwa tumetangaziwa kwamba wageni wangepita kukagua zahanati. Mimi na mhudumu tukaamua kuosha sakafu yote kwa maji na sabuni. Tulilivuta jokofu, tukasugua, tukalirudisha mahali pake. Mguu mmoja wa mbele ukaangukia mahali ambapo sementi ilikuwa imebomoka, shimo la kina cha vidole viwili hivi. Nilikunja boksi la dawa, nikalisokomeza chini ya mguu ule. Nilirudi nyuma hatua mbili, nikafumba jicho moja kama fundi, nikasema, "Limenyooka." Tukawasha moto, tukaenda zetu.

Lakini sakafu ilikuwa bado na maji. Boksi likalowa, na uzito wa jokofu ukalibonyeza polepole usiku ule, hadi mguu ukaingia shimoni.

Hilo lingegunduliwa Jumamosi asubuhi kama ningefanya kazi yangu. Sheria ilikuwa kusoma kipimajoto mara mbili kila siku, asubuhi na jioni, na kuandika kwenye fomu iliyobandikwa mlangoni. Mwisho wa juma ule nilikuwa na mengi. Jumamosi tulikuwa na kikao cha akina mama kanisani, Jumapili kwaya. Jumatatu nilipita mbele ya fomu, nikaona nafasi zilizo wazi, nikachukua kalamu. Niliandika 5, 5, 5, hadi nafasi zote zikajaa. Sikufungua mlango. Jokofu lile lilikuwa halijawahi kutusumbua, nami nilijiambia kwamba nafanya tu kile ambacho kipimajoto kingesema.

Sasa nilikuwa nimesimama mbele yake Jumanne, na nje kulikuwa na akina mama thelathini.

Sitakuficha kilichopita moyoni mwangu. Chanjo iliyoharibiwa na joto mara nyingi hubaki na sura ileile ya chanjo nzima. Mama hawezi kujua, na mtoto atalia vilevile akichomwa. Kadi ya kliniki itajazwa, kila mtu ataenda nyumbani akiwa na furaha, na fomu yangu mlangoni inasema 5. Nilichukua kichupa cha polio, nikatazama ile alama ndogo ya mraba ulio ndani ya duara, ambayo hubadilika rangi kadiri chanjo inavyopata joto. Mraba ulikuwa umeiva, rangi yake sawa na ya duara. Maana yake ni kwamba chanjo hiyo haifai. Vichupa vya surua alama zake zilikuwa bado hazijafika huko. Shetani akaninong'oneza kwamba basi surua inaweza kutolewa.

Wakati huo nilikuwa na mtoto wangu wa kike wa miezi saba, ambaye miezi miwili baadaye angepaswa kupata chanjo ya surua. Swali likanijia lenyewe: je, wako ungempa?

Nilifunga jokofu. Nikatoka nje, nikawaambia akina mama kwamba chanjo zimepata joto kwa uzembe wangu, na kwamba siku ile hakuna mtoto atakayechanjwa. Niliwaomba radhi. Wapo walioguna, na mmoja alisema kwa sauti kwamba amepoteza siku ya kulima. Niliwapima watoto uzito, nikawapa tarehe ya juma lililofuata. Kisha nikaenda kwenye redio ya upepo kumwita mratibu wa chanjo wa wilaya.

Alishuka kutoka Sumbawanga kwa pikipiki, akafika alasiri akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Hakunikaripia. Alitoa mfukoni pimamaji, kile kifaa cha mafundi uashi chenye kichupa cha maji na povu ndani yake, akakiweka kwenye sakafu ya sehemu ya barafu. Povu likakimbilia upande mmoja na kukaa hukohuko.

"Nesi," akasema, "hili jokofu limekuwa likiwaka moto bure."

Ndipo alipokaa kwenye kiti cha wagonjwa akanifundisha jambo ambalo chuoni nilikuwa nimelisikia kwa haraka na kulisahau.

Friji ya umeme ya nyumbani ina mota inayosukuma. Jokofu la gesi au la mafuta ya taa halina mota. Lilibuniwa na vijana wawili wanafunzi wa Uswidi, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922, nalo hutumia moto kutengeneza baridi. Ndani ya mabomba yake yaliyofungwa kabisa kuna maji, amonia na hewa ya haidrojeni. Moto huchemsha mchanganyiko wa maji na amonia kule chini. Mapovu yanapanda katika bomba jembamba na kuinua maji, kama chai inavyopanda kwenye birika ikichemka. Mvuke wa amonia unaendelea juu, unapoa na kuwa majimaji, kisha unateremka kwenye mabomba ya sehemu ya barafu. Humo hukutana na haidrojeni, hugeuka tena kuwa mvuke, na katika kugeuka huko hunyonya joto la vitu vilivyomo ndani. Baadaye maji huipokea tena ile amonia na kuirudisha chini kwenye moto, na safari inaanza upya.

"Kwa hiyo nani anayerudisha yale maji chini?" akaniuliza.

Sikuwa na jibu.

"Mteremko tu. Yale mabomba yamelazwa kwa mteremko mdogo sana. Ukiliinamisha jokofu, mteremko unapotea. Maji yanatuama njiani, kama mvua inavyotuama kwenye bati lililobonyea. Moto hauna habari, unaendelea kuwaka."

Akaniambia pia lililo baya zaidi. Katika yale maji kuna dawa ya kuzuia kutu. Maji yasiporudi, bomba lililo juu ya moto huunguzwa likiwa kavu, dawa ile hugeuka chembechembe ngumu na kuziba njia. Kuziba huko hakuna fundi wa kijijini wa kukuzibulia. Na si lazima itokee siku moja. Kila jokofu linapowaka likiwa limeinama linaumia kidogo, kisha linaumia tena, hadi siku moja linakataa kabisa na watu wanasema limekufa ghafla.

Baada ya hapo alisimama mbele ya fomu yangu mlangoni. Alifuata zile tano kwa kidole, moja baada ya nyingine.

"Lilianza kupata joto lini?"

Nilikaa kimya kwa muda. Ningeweza kusema Jumatatu usiku. Nilisema, "Sijui. Hizo namba nilizitunga."

Hakupandisha sauti. Alisema, "Kama ungeacha nafasi wazi, ningejua kwamba hukusoma. Sasa karatasi yako inanidanganya." Kwa kuwa hatukujua chanjo zilikaa na joto kiasi gani na kwa siku ngapi, aliamua zote ziondolewe, hata zile ambazo huenda zingeokolewa. Alizitia kwenye sanduku, akaandika juu yake "Zisitumike". Nilipata barua ya onyo, nami niliistahili.

Jokofu tulilizima, tukaliacha lipoe. Tuliondoa boksi lililolowa, tukaweka kipande cha ubao mgumu, tukapima kwa pimamaji kulia na kushoto, kisha mbele na nyuma, hadi povu likatulia katikati. Tukaliwasha tena. Kesho yake asubuhi niliona ukungu wa barafu kwenye kuta za ndani, nikalia. Mungu alituhurumia. Nimeona majokofu mengine ambayo hayakupona.

Juma lililofuata akina mama walirudi wote isipokuwa mmoja. Ilikuwa zamu ya mwanawe kupata chanjo ya surua. Jumamosi nilichukua baiskeli, nikauliza njia hadi nikafika kwake karibu na ziwa. Alikuwa anaanika samaki. Nilimweleza tena kilichotokea, nikamsihi asiache. Alinisikiliza, kisha akasema, "Nesi, siku ile ungenichomea tu mtoto, ningekushukuru na kwenda zangu."

Maneno hayo sijayasahau hadi leo. Angenishukuru. Angerudi nyumbani akiamini kwamba mwanawe amekingwa, na kadi ingemwambia hivyo, na siku surua ingeingia kijijini asingeelewa kwa nini. Kliniki iliyofuata alikuja.

Miaka mingi baadaye, mwaka 2014, kanisa letu lilipokea wageni kutoka Marekani. Mzee mmoja kati yao alinikuta nimeweka bakuli la maji ndani ya jokofu la gesi la jikoni kwenye nyumba ya wageni, natazama kama maji yanagusa ukingo kwa usawa. Akacheka sana. Alisema kwao yeye na mkewe walikuwa na nyumba ya magurudumu, ile inayovutwa na gari watu wakisafiri, nayo ina jokofu la aina hiyohiyo. Wakifika mahali pa kulala, kabla ya kuliwasha jokofu, kazi ya kwanza ni kusawazisha nyumba. Kwanza huchagua uwanja ulio karibu na usawa. Kisha husawazisha kulia na kushoto, kwa kulipandisha gurudumu la upande wa chini juu ya mbao. Huweka kabari magurudumuni nyumba isije ikabingirika, ndipo huitenga na gari. Mwisho husawazisha mbele na nyuma kwa jeki iliyo mbele.

Nilimuuliza, "Na mkiwa barabarani, milimani, jokofu haliharibiki?" Alisema hapana. Gari likitembea jokofu linayumba huku na huku, na kule kuyumba kunayasukuma maji yasituame. Hatari huanza gari linaposimama mahali pabaya na kukaa. Alisema pia kwamba watengenezaji wengi wa majokofu hayo huruhusu kuinama kidogo tu, takriban digrii 3 kwa upande na 6 kwa mbele na nyuma, na yale ya zamani yanataka usawa zaidi. Digrii 3 kwa jokofu lenye upana wa sentimita 60 ni kama sentimita 3 za tofauti. Nilikumbuka lile shimo la vidole viwili, nikanyamaza.

Leo zahanati nyingi zimepata majokofu ya sola, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini majokofu ya gesi na ya mafuta ya taa bado yapo mahali pasipo na umeme. Kama nyumbani kwako au kanisani kwenu lipo moja, zingatia haya:

1. Usiamini jicho. Kuta na sakafu zetu nyingi haziko sawa, na jicho hulinganisha jokofu na ukuta. Tumia pimamaji, hata la kuazima kwa fundi. Ukikosa, bakuli pana lililojazwa maji hadi karibu na ukingo litakusaidia. Pima ndani, kwenye sakafu ya sehemu ya barafu, si juu ya kifuniko.

2. Pima pande zote mbili, kulia na kushoto, mbele na nyuma. Povu likitulia upande mmoja usiseme umemaliza.

3. Tia chini ya mguu kitu kisichobonyea: ubao mgumu au kipande cha bati nene. Boksi, kitambaa na udongo hudanganya.

4. Pima upya kila unapolisogeza kufanya usafi, na baada ya mvua kubwa kama sakafu ni ya udongo. Ukilisafirisha, lisimamishe wima na uliache litulie kwa saa kadhaa kabla ya kuliwasha.

5. Acha nafasi nyuma yake ili joto litoke, na madirisha yaingize hewa, kwa sababu moto unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa unaweza kuua watu. Ukisikia harufu kali ya amonia, inayochoma pua na macho, au ukiona unga wa manjano kwenye mabomba ya nyuma, lizime, fungua milango, toa watoto nje, na usiushike unga huo kwa mikono. Hilo ni la fundi.

6. Kama moto unawaka vizuri lakini hakuna baridi, usiongeze moto. Lizime kwanza, ndipo upime usawa.

Friji ya umeme haiumizwi upesi na kuinama kidogo, lakini nayo huipenda sakafu sawa, ili mlango ufunge vizuri na isingurume. Ukiisafirisha ikiwa imelala, isimamishe na isubiri saa kadhaa kabla ya kuchomeka, ili mafuta ya mota yarudi mahali pake.

Katika kitabu cha nabii Amosi, sura ya 7, tunasoma jinsi Mungu alivyomwonyesha nabii timazi, uzi wa waashi wa kupimia ukuta. Zamani nilipoyasoma hayo niliwaza juu ya hukumu tu. Sasa nawaza pia juu ya ile povu ndogo ilivyokimbilia upande mmoja. Ukuta ulioinama haujui kwamba umeinama. Jokofu langu halikujua, na moto wake ulikuwa wa buluu, mzuri wa kutazamwa. Nami pia, mwisho wa juma ule, nilikuwa kwenye kikao cha akina mama na kwenye kwaya, na sauti yangu haikuwa mbaya.

Dada mpendwa, katika nyumba zetu tunaandika tano nyingi. Mume anauliza kama ada ya shule imelipwa, tunasema ndiyo, tukitumaini kulipa kesho. Mtoto anaulizwa kama amekunywa dawa, anasema ndiyo, na hatufungui chupa kutazama. Jirani anauliza hali, tunasema njema. Mara nyingi jambo lenyewe ni dogo na lingerekebishwa kwa kipande cha ubao. Linalolifanya kubwa ni kwamba tumeziba njia ya kulijua mapema.

Yule binti yangu wa miezi saba sasa ni mtu mzima. Nilimsimulia habari hii alipoanza masomo ya uuguzi, na siku alipokwenda chuoni nilimtilia pimamaji dogo kwenye begi. Alicheka, akasema, "Mama, siku hizi majokofu yana vipimo vya kielektroniki." Nikamwambia, "Vizuri. Vifungue uvisome. Na siku ambayo hukusoma, acha nafasi wazi."